Mama Yake Yuko Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kununua Mtoto wa Mbwa

Nimefanya kazi ya usaidizi kwenye kliniki ya wanyama kwa miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa mteja wa kliniki hiyohiyo, tena mteja mwenye machozi. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa karibu kila wiki. Wengine huuliza wakiwa bado wanatafuta mbwa. Wengine huuliza wakiwa tayari wamemviringisha kwenye taulo, ananuka kuharisha, na muuzaji hapokei simu. Nimeyajibu kama ninavyowajibu wao. Utaona narudia swali moja mara nyingi. Nafanya hivyo makusudi.

Muuzaji asiyeaminika ni mtu wa namna gani?

Usitegemee kumtambua kwa sura. Wengi ni wachangamfu kupita kiasi. Nikiwapanga, napata makundi matatu. Wa kwanza ni mwenye banda la kuzalisha kwa wingi: majike wanafungiwa vizimbani na kupandishwa kila wanapoingia joto. Majike wengi huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hesabu ya mwenye banda ni nyepesi, na mwili wa jike ndio unaolipa. Wa pili ni dalali. Huyu hana jike hata mmoja. Anaokota watoto sehemu tano tofauti, anawaweka chumba kimoja, wanaambukizana, kisha anakuuzia wawili akikuapia kwamba ni ndugu.

Wa tatu ndiye anayewachanganya watu, maana hana nia mbaya. Ana jike mzuri, jirani ana dume mzuri, wakawapandisha bila kupima chochote. Huyu wa tatu nakaa naye tukazungumza. Wale wawili sina muda nao.

Kwa nini kila mara unauliza mama yake yuko wapi?

Kwa sababu mtoto wa mbwa wa wiki nane hana mengi ya kukuonyesha, mama yake anayo. Ukimwona mama umeona ukubwa ambao mtoto ataukaribia, tabia kwa wageni, ngozi, upumuaji, na mahali familia nzima inapolala. Jike anayejikunyata nyuma ya pipa kila mtu akipita huwa analea watoto waoga. Sehemu ya woga wanairithi, sehemu wanajifunza kwake. Muuzaji anaweza kumwogesha mtoto, akampulizia manukato na kumfunga utepe shingoni. Jike aliyezalishwa mfululizo huwezi kumficha kwa utepe.

Ila mtazame kwa makini, kwa kuwa siku hizi wapo wanaoazima mama. Wanamleta jike yeyote wa aina hiyo, wanamkalisha karibu na watoto, na wewe unaondoka umeridhika. Angalia tumboni. Jike aliyenyonyesha majuma machache yaliyopita ana chuchu zilizorefuka na kulegea, na manyoya yanayozizunguka yamepungua. Halafu omba watoto waachiwe. Wake watamkimbilia na kusaka ziwa hata kama wameshaachishwa, naye atawakubali au atawangurumia kidogo kama mama aliyechoka kuvutwavutwa. Wa kuazima hubaki ameduwaa, ananusa, anaondoka.

Niliwahi kumsindikiza rafiki kwenda kutazama watoto wanne wa Labrador. Tukaonyeshwa "mama" aliyekuwa na chuchu ndogo kama punje za mchele, na watoto wakampita kana kwamba ni kiti. Tuliaga kwa adabu tukaondoka.

Baba si lazima awepo. Wafugaji makini mara nyingi hupeleka jike kwa dume wa mtu mwingine, na ni afadhali kuliko kumpandisha na dume wa nyumbani ambaye ni kaka yake.

Anasema nisisumbuke kwenda kwake, ataniletea tukutane njiani. Ni sawa?

Hapana. Hakuepushi na safari, anakuepusha na kuona. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tofauti ni kwamba gunia lenyewe ni boksi la katoni lenye matundu.

Achukuliwe akiwa na umri gani?

Asiwe chini ya wiki nane. Wauzaji wengi wanawatoa wakiwa na wiki tano au sita, na sababu ni ya kifedha: kuanzia wiki ya nne watoto wanaanza kula chakula kweli, na kila wiki wanayokaa inamlia muuzaji faida. Mtoto mdogo pia anavutia macho zaidi. Tatizo ni kwamba wiki hizo ndizo anazofundishwa na ndugu zake kutong'ata kwa nguvu. Anamng'ata mwenzake, mwenzake analia na mchezo unaisha, naye anajifunza. Aliyetolewa mapema anakuja kujifunzia mkononi mwako.

Umri unaweza kuukadiria mwenyewe. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi. Meno ya utoto huanza kuchomoza karibu wiki ya tatu au ya nne, na mtoto wa wiki nane kwa kawaida ana meno yake yote 28, madogo na makali kama sindano. Ukifunua mdomo ukakuta magego ya nyuma bado yanachungulia kwenye ufizi, na miguu ya nyuma inayumba anapogeuka, huyo hajafika wiki nane hata kama muuzaji ataapa.

Ana kadi ya chanjo. Si inatosha?

Kadi ni karatasi, na karatasi hujazwa na yeyote mwenye kalamu. Kadi ya kuaminika ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye namba ya toleo, pamoja na sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo. Kadi ambayo tarehe tatu tofauti zimeandikwa kwa wino uleule, mwandiko uleule, kwa mstari mmoja ulionyooka, huwa imejazwa asubuhi ya leo. Mpigie daktari aliyetajwa. Dakika mbili zinatosha.

Hata kadi ikiwa ya kweli, chanjo moja haimaanishi amekingwa. Mtoto huzaliwa na kupata kinga kutoka kwa mama kupitia maziwa ya mwanzo, na kinga hiyohiyo ndiyo inayoizuia chanjo kufanya kazi. Huisha kwa wakati tofauti kwa kila mtoto. Ndiyo maana chanjo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na haikomei kabla ya wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa katika nchi nyingi huchomwa kuanzia wiki ya 12. Kwa hiyo muuzaji akikuambia mtoto wa wiki nane "amemaliza chanjo zote", ama hajui anachosema au anajua vizuri sana.

Alifika mzima kabisa, siku ya nne akaanza kutapika. Imekuwaje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili limenikuta.

Mbwa wangu wa pili nilimnunua kwa mtu aliyekuja na watoto sita ndani ya katoni. Sikuuliza mama yuko wapi. Nilimchagua mmoja mweusi mwenye soksi nyeupe, aliyekuwa wa kwanza kunilamba. Siku tatu alicheza. Siku ya nne asubuhi hakuamka kula, nikadhani amechoka. Mchana alitapika povu la njano. Jioni akaharisha damu, na harufu yake sijawahi kuisahau, tamu na iliyooza kwa pamoja. Leo nikiisikia mlangoni mwa kliniki najua ni nini kabla mwenye mbwa hajafungua mdomo. Alifariki siku ya sita, akiwa na dripu mguuni. Muuzaji aliniambia, "Alipotoka kwangu alikuwa mzima."

Na kwa macho, kweli alikuwa mzima. Ugonjwa huo ni parvo. Virusi vyake vilijitokeza kwa mbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kufikia mwaka 1978 vilikuwa vimeenea sehemu nyingi za dunia. Kutoka kuambukizwa hadi dalili kuonekana kwa kawaida hupita siku 3 hadi 7, wakati mwingine hadi 14. Maana yake, mtoto anayeugua nyumbani kwako siku ya nne kuna uwezekano mkubwa aliupata kwa muuzaji au njiani. Virusi hushambulia utando wa utumbo na seli nyeupe za damu kwa wakati mmoja: utumbo unavuja, bakteria wanaingia kwenye damu, na askari wa mwili hawapo. Hakuna dawa ya kawaida ya kuviua vikiwa ndani ya mwili. Kinachofanyika ni kumshikilia mtoto kwa dripu, dawa za kuzuia kutapika na antibaotiki mpaka mwili wake ujipange, na hilo huweza kuchukua siku tano hadi saba za kulazwa. Wasiotibiwa wengi hufa. Wanaowahishwa na kutibiwa ipasavyo, wengi hupona.

Ukiona mtoto wa mbwa amekataa kula na anatapika, usisubiri kesho. Saa chache zinaamua.

Muuzaji ameahidi kwamba akifa atanipa mwingine. Si dhamana nzuri?

Ni mtego, hata kama yeye hajui. Ukileta mtoto mwingine wiki ijayo kwenye nyumba iliyokuwa na parvo, unamleta kwenye virusi vilevile. Nimeona watu wakipoteza wa pili na wa tatu kwa "dhamana" ya namna hiyo. Tena soma maneno yenyewe: anaahidi kukubadilishia, haahidi kulipa matibabu. Anajua kwamba kumtibu mmoja ni ghali kuliko kuzaa mwingine.

Gharama hasa ni zipi?

Bei ya kununulia huwa ndiyo ndogo. Mbwa huishi miaka 10 hadi 13, wadogo kwa umbo wakifika 15 na zaidi, na kila siku ya miaka hiyo anakula. Mwaka wa kwanza una mzigo wake: mfululizo wa chanjo, dawa za minyoo, dawa za viroboto na kupe, mikrochipu (kidude kidogo chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi), kufunga uzazi, uzio au kibanda, mkanda na kamba, vyombo, na vitu atakavyotafuna. Akikua, chakula kinaongezeka kulingana na umbo, na dawa nyingi pia, kwa kuwa hupimwa kwa uzito. Mbwa mkubwa ni ghali hata kwenye dawa ya minyoo. Watu wengi hawalifikirii hilo.

Hayo ni ya kila mbwa. Ya muuzaji mbovu yana sura nyingine: ni gharama alizokwepa yeye, zikakusubiri wewe. Hakumpa mama dawa ya minyoo, basi wewe utatibu tumbo lililovimba na upungufu wa damu. Hakuwapiga wazazi eksirei ya nyonga, basi wewe utagundua mtoto ana nyonga mbovu akiwa na miezi sita au zaidi, anapoanza kukimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma pamoja kama sungura, na anapoinuka akiwa kama mzee. German Shepherd na Labrador wanajulikana kwa tatizo hilo. Baada ya hapo ni dawa za maumivu maisha yote, au upasuaji ambao unazidi bei ya mbwa mara nyingi mno.

Kipimo hicho cha wazazi kinataka subira. Katika mfumo wa Marekani, cheti cha kudumu cha nyonga hakitolewi kabla mbwa hajafikisha miezi 24. Kwa hiyo mtu anayempandisha jike wa mwaka mmoja na kusema "nyonga zimepimwa" anakupa jambo la kuuliza: zilipimwa lini, na matokeo yako wapi?

Weka akiba ya dharura kabla ya kumleta mbwa. Kama ukilipa bei ya mtoto unabaki mkono mtupu, hujawa tayari kumnunua. Nasema hivi bila kukudharau, nilikuwa hivyo.

Ana cheti cha nasaba. Hilo halithibitishi ubora?

Linathibitisha ukoo, basi. Vyama vya mbwa kama The Kennel Club cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1873, vinatunza kumbukumbu za nani alizaliwa na nani. Mbwa anaweza kuwa na vizazi vitano vya mababu kwenye karatasi na moyo mbovu kifuani. Tena cheti hicho kisome kwa makini: ukikuta jina lilelile la dume kwa upande wa baba na upande wa mama, karibu karibu, ujue wamepandishwa ndugu.

Ombi la maana zaidi ni majibu ya vipimo vya wazazi, yale yanayohusu aina hiyo ya mbwa. Kwa Cavalier King Charles Spaniel ulizia moyo. Kwa Doberman pia ulizia moyo, pamoja na tatizo la damu kutoganda. Kwa Dalmatian ulizia kusikia. Uziwi umo kwenye ukoo wao, na mtoto kiziwi anaamka kwa kushtuka na anaweza kung'ata kabla hajajua ni nani.

Natangaziwa mbwa mdogo sana wa kukaa kwenye kikombe, na mwingine mwenye rangi adimu. Nilipe zaidi?

Usilipe hata kidogo. "Wa kikombe" si aina ya mbwa inayotambuliwa na vyama vikubwa vya nasaba. Mara nyingi ni mtoto dhaifu kuliko wenzake wote, au mtoto wa wazazi waliochaguliwa kwa udumavu, au ni mtoto wa wiki tano anayeuzwa kama wa wiki kumi. Wadogo hivyo huishiwa sukari mwilini wakikosa mlo mmoja tu, wanalegea na kuanguka kifafa. Utosi huweza kubaki wazi. Mguu huvunjika kwa kuruka kutoka kwenye kochi.

Rangi nayo ina hesabu yake. Wale wenye madoadoa ya kumwagika kama wino kwenye maji, wauzaji wakipandisha wawili wenye rangi hiyo, wastani wa mtoto mmoja kati ya wanne hurithi kinasaba hicho pande zote mbili. Hao huzaliwa weupe kwa sehemu kubwa, na wengi wao ni viziwi, vipofu au vyote viwili. Muuzaji atakuambia ni "mweupe adimu".

Kuhusu pua fupi, sitaficha maoni yangu. Bulldog, French Bulldog na Pug wengi huhangaika kupumua tangu wadogo, na mkoromo ambao watu wanauona wa kuchekesha ni sauti ya njia ya hewa iliyobanwa. Bulldog wengi wa Kiingereza huzaliwa kwa upasuaji kwa sababu ya kichwa na mabega mapana. Mfugaji anayezalisha aina hizi kwa bei ya chini ameokoa pesa mahali fulani, na mahali penyewe huwa ni kwa mama. Yuko wapi?

Namwona kabisa anateseka pale kwa muuzaji. Si heri nimnunue nimwokoe?

Swali hili ndilo gumu, na sina jibu linalofurahisha. Pesa yako haina namna ya kumwambia muuzaji kwamba ilitolewa kwa huruma. Yeye anaona mtoto aliyedhoofu ameuzwa, kizimba kimebaki wazi, na jike anaweza kupandishwa tena. Mimba ni siku 63 hivi. Umemtoa mmoja na umegharamia sita wanaofuata. Mama amebaki palepale.

Piga picha, andika tarehe na mahali, peleka taarifa kwa ofisi ya mifugo au chama cha ustawi wa wanyama. Hata hivyo nawajua watu waliomnunua wakiwa wanajua yote haya, na nikimtazama yule mbwa leo amelala miguuni pao, siwezi kuwagombeza. Ila waliingia wakiwa na pesa ya daktari mfukoni. Huruma bila hiyo humhamisha tu mgonjwa.

Nimemwona kwenye mtandao, muuzaji anataka malipo ya awali kabla ya kumtuma.

Mara nyingi mbwa huyo hayupo. Picha imeibwa kwa mtu. Ukilipa ya kwanza, itakuja ya kizimba cha ndege, kisha ya bima, kisha ya karantini, kila moja ikiwa "ya kurudishiwa". Omba picha mjongeo ya moja kwa moja, mtoto akiwa na mama yake, na muuzaji alitamke jina lako. Tapeli atapata udhuru wa mtandao mbovu.

Kwa mtoto anayetoka nchi nyingine, fanya hesabu ya wiki. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka chanjo ya kichaa cha mbwa isichomwe kabla ya wiki 12, kisha zipite siku 21. Jumla ni wiki 15. Mtoto wa wiki tisa aliyevuka mpaka huko na pasipoti "halali" ya chanjo ana karatasi ya uongo.

Je, kuna sheria inayonilinda?

Inategemea uliko, na ni vizuri uulize kabla ya kulipa. Baadhi ya nchi zimebana. England ilipiga marufuku kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 uuzaji wa watoto wa mbwa na paka wa chini ya miezi sita kupitia mtu wa tatu. Mnunuzi lazima aende kwa mfugaji mwenyewe amwone mtoto pamoja na mama, au achukue kwenye kituo cha uokoaji. Watu wanaiita sheria ya Lucy, kwa jina la jike wa Cavalier aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka banda la kuzalishia huko Wales, nyonga zikiwa zimekakamaa kwa kufungiwa. Ufaransa imezuia maduka kuuza mbwa na paka tangu Januari 2024, na anayetaka mbwa husaini hati ya kujua wajibu wake siku saba kabla. California ilianza kubana maduka mwaka 2019, New York ikafuata Desemba 2024.

Popote ulipo, andikianeni. Karatasi moja yenye jina la muuzaji, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mikrochipu, chanjo zilizochomwa, na siku ngapi unaweza kumrudisha daktari akikuta ugonjwa. Anayekataa kuandika amekujibu.

Zaidi ya pesa, majukumu yangu ni yapi?

Muda, hasa mwanzoni. Anakula mara tatu au nne kwa siku mpaka afike kama miezi minne. Anatolewa kukojoa kila akiamka, akila, akicheza, na usiku pia. Kwa mtoto aliyekulia kizimbani kazi hii ni ndefu maradufu: mbwa kwa asili hukwepa kuchafua anapolala, lakini yule hakuwa na pengine pa kwenda, kwa hiyo silika hiyo imefifia.

Pia kuna dirisha linalofungwa haraka. Kati ya wiki ya 3 na karibu ya 14 ndipo mbwa anapoamua ni kitu gani duniani ni cha kawaida. Ambaye hakuona watoto, miavuli, pikipiki wala mafagio katika kipindi hicho huvishangaa au kuviogopa ukubwani. Banda la giza limemlia nusu ya dirisha hilo kabla hujamchukua. Chanjo bado hazijakamilika, kwa hiyo usimweke chini mahali mbwa wengi wanapopita. Mbebe mikononi, akae mlangoni, atazame na kusikia.

Kuna hatari kwa watoto nyumbani?

Ipo. Minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto akiwa bado tumboni, na tena kwenye maziwa. Ndiyo maana dawa huanza akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili. Tumbo la mpira kwenye mbavu zinazohesabika ni dalili yake ya wazi. Mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na mtoto wa binadamu, viluwiluwi vyake huweza kutangatanga mwilini hadi kwenye jicho. Kuharisha kwa bakteria aina ya kampylobakta nako huambukizwa na watoto wa mbwa. Mikono ioshwe, kinyesi kiokotwe siku hiyohiyo.

Mbwa asiyejulikana chanjo yake akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila anayeugua hufa.

Nimeshamnunua, na sasa nina shaka. Nianzie wapi?

Mpeleke kwa daktari ndani ya siku moja au mbili hata kama anaonekana mzima, ukiwa umembeba, usimwachie sakafuni kwenye chumba cha kusubiria. Daktari asikilize moyo, apime kinyesi, atazame ufizi (uwe wa waridi na wenye unyevu, mweupe ni upungufu wa damu), kaakaa, kitovu, na kwa dume kama korodani zote zimeshuka. Asome mikrochipu kama ipo, maana wengine hugundua hapo kwamba mbwa ana mwenyewe. Omba maandishi ya yote aliyokuta, yenye tarehe. Hayo ndiyo ushahidi wako ukimdai muuzaji. Hifadhi tangazo, risiti na ujumbe wote wa simu kabla hajaufuta.

Mtenge na mbwa wengine wa nyumbani kwa wiki mbili.

Wangu alikufa kwa parvo. Nitaweza kuleta mwingine lini?

Pole sana. Usikimbilie. Kwenye udongo wenye kivuli virusi hivi huishi miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na sabuni ya kawaida haiviui. Matandiko na vitu vya kutafuna, choma au tupa. Sakafu ngumu na vyombo, safisha kwanza uchafu wote uondoke, halafu pitisha maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, uache palowe dakika kumi kabla ya kusuuza. Udongo hauoshwi hivyo. Jua na muda ndivyo vinavyosaidia.

Mimi nilisubiri miezi kumi na minne. Kisha nikamchukua jike wa miaka miwili aliyekuwa na chanjo zake zote, kutoka kwa familia iliyokuwa inahama. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakuwa mama mara moja. Alinusa kona ile ambapo kitanda cha yule mweusi kilikuwa, akazunguka mara mbili, akalala papo hapo.